Sura ya Saveli Nikitich

"Yegorovna, hivi marehemu mumeo alikuwa na sura gani?"

Faina Lukinichna aliliuliza swali hilo jikoni, katikati ya Kwaresima, huku akimenya viazi, wala hakuinua macho. Ungedhani anauliza chumvi iko wapi. Jiko walilitumia wote wawili, chumba cha mmoja upande huu wa ukumbi na cha mwenzake upande ule, na katika jiko la wanawake wawili swali halina mlango wa kutokea.

"Sura gani tena?" alijibu Kapitolina Yegorovna. "Umekaa naye ukuta kwa ukuta miaka yote hiyo, leo waniuliza mimi?"

"Mimi si mjane wake. Nauliza tu. Pasaka hiyo inakuja, na baada ya Pasaka ni Jumanne ya Marehemu. Murom nzima itakuwa makaburini na mayai yake ya rangi. Kila jiwe lina picha ya mwenyewe. Hata Prohor mlevi anatutazama pale na tai shingoni, na tai hakuwahi kuivaa tangu azaliwe. Wako ana msalaba wa mti. Watu watapita watasema, nani huyu? Nami niwaambie nini?"

"Uwaambie wasome jina."

"Jina limeliwa na theluji." Faina alitumbukiza kiazi cha mwisho majini, akajipangusa mikono, akatoka. Kisha akarudisha kichwa mlangoni, maana mwanamke yule hajawahi kutoka mahali bila kuacha neno nyuma yake. "Mimi nakumbuka masikio tu."

Kapitolina alicheka kwa pua, akaenda chumbani kwake kumtazama mumewe ili apate cha kumsuta jirani. Ukuta wa juu ya kitanda ulijaa picha. Saveli Nikitich alikuwa ameupiga picha mtaa mzima kwa kamera yake ya kukunja: harusi, mavuno ya viazi, watoto siku ya kwanza ya shule, na mazishi pia, ukoo umelizunguka jeneza kama watu walioizunguka meza. Kapitolina alitafuta mstari kwa mstari. Kwenye harusi ya mwanawe palikuwa na mkono wa koti upande wa kulia. Kwenye viazi, nusu ya kiatu. Kwenye Mwaka Mpya, sikio. Sikio zuri, kamili, la Saveli bila shaka yoyote, halafu ukingo wa picha.

Aliketi kitandani, akafumba macho amwone kwa ndani, kama alivyomwona kila jioni tangu amzike. Sikio likaja. Uso haukuja.

"Mama Mtakatifu wa Mungu," alisema. Hata mwaka ulikuwa haujatimia.

*

Zahar mchonga mawe alikuwa na banda lake nyuma ya kituo cha mabasi. Ulimpelekea picha, naye akaichoma juu ya kigae cha kaure chenye umbo la yai, akakipachika kwenye jiwe, na mvua isingeifuta mpaka Siku ya Hukumu. Ndivyo alivyosema mwenyewe, na hakuna aliyerudi kulalamika.

"Picha ya pasipoti?" aliuliza.

"Pasipoti waliichukua ofisini walipotuandikia cheti cha kifo."

"Kitambulisho cha kazi?"

"Nilikifua pamoja na suruali."

"Basi umeniletea nini, mama?"

Kapitolina alifungua leso, akatoa kibali cha kuwinda cha zamani. Zahar akakisogeza kwenye taa. Palikuwa na kijana wa miaka ishirini na kitu, na muhuri wa serikali ulikuwa umemkanyaga kuanzia paji hadi kidevu.

"Huu ni muhuri. Mume yuko wapi?"

"Chini yake."

Nyuma yake palikuwa na foleni, na foleni ikacheka. Mama mmoja mwenye koti la manyoya alikuwa ameshika picha ya mumewe ya rangi, kubwa kama sinia, bwana amekumbatia samaki. Aliigeuza kidogo ili kila mtu amwone samaki.

"Muhuri naweza kuuchoma vizuri sana," alisema Zahar. "Utasomeka kutoka barabarani. Lakini ngoja, mumeo si yule mzee wa kamera? Alinipiga picha mimi nikiwa sina meno ya mbele! Mpiga picha asiye na picha. Kweli kinyozi hajinyoi."

"Hajinyoi, lakini ana mke," alisema Kapitolina. "Unataka kiasi gani?"

"Rubli mia nne mpya. Au laki nne za zamani, kabla serikali haijakata sufuri tatu, kama bado unahesabu za zamani."

"Nahesabu zote mbili, na sina hata moja."

"Ukipata fedha na picha kabla ya Jumapili ya Matawi, jiwe litasimama siku ya Marehemu. Usipopata picha nitaandika jina, nikuchoree ua."

"Saveli hakuwa ua," alisema Kapitolina, akafunga leso yake. Alipopita foleni alimtazama yule samaki machoni, akatoka.

*

Mwanawe Genadi, dereva wa basi la mjini, alikuja Jumapili hiyo na habari ya fedha. Alikuwa amempata mnunuzi, bwana wa mji mkuu anayekusanya kamera za zamani. Hivyo ile kamera ikashushwa kutoka juu ya kabati na kuwekwa mezani, juu ya kitambaa cha plastiki, kati ya kopo la asali na mkate mweusi.

Ilikuwa kamera ya chapa ya Moskva, bapa, nzito kama kitabu cha sala cha padri. Ukibonyeza kitufe mlango unafunguka, na lenzi inajitokeza mbele juu ya mfuko mweusi wa mikunjo, kama kinanda cha mkono kinachovuta pumzi kabla ya wimbo.

"Ziko za aina nyingi, mama," Genadi alisema kwa sauti ya mtu aliyefundishwa kwa simu jana yake. "Kuna ya kwanza, ya pili, ya nne. Hii ni ya tano, ndiyo wanayoitaka, kwa sababu inapiga saizi mbili. Ikiwa tupu ndani, filamu moja inatoa picha ndefu nane. Ukipachika kibati chake cha mraba, inatoa picha za mraba kumi na mbili."

"Baba yako alipiga za mraba tu."

"Kwa sababu kumi na mbili ni nyingi kuliko nane. Si unamjua? Bwana huyo anatoa mia tatu kwa kamera, mia nne ikiwa na kibati. Hebu nione kama kimo." Akashika kufuli la mgongoni.

Kapitolina alimpiga kibao mkononi. Yeye aliwahi kuufungua mgongo ule, mwaka wa kwanza wa ndoa, ili apanguse vumbi. Saveli hakumsemesha wiki nzima.

"Tazama kwanza kidirishani," akamwambia mwanawe.

Mgongoni palikuwa na vidirisha viwili vidogo vyekundu. Genadi alikifunua kimoja, akakileta karibu na balbu. "Tisa," alisema. "Kuna namba tisa. Mama, kuna filamu ndani."

Kapitolina aliichukua kamera, akachungulia kwenye tundu, akaielekeza kwenye ikona za pembeni. Akaiona taa ya mafuta mara mbili, moja nzito na moja kama mzimu wake. Ndivyo kamera hiyo ilivyopima umbali: kila mtu unamwona wawili, na unazungusha gurudumu mpaka kivuli kimrudie mwenyewe. Saveli alikuwa na msemo wake. Wakiwa mmoja, bonyeza.

"Kama ni filamu ya mwisho, basi nami nimo," ilisema sauti mlangoni. Faina alikuwa amekuja kuazima kitunguu. "Kiwiko changu kimo."

"Lukinichna, usianze."

"Sianzi, namaliza. Genadi mwanangu, hebu tazama ukuta huo. Harusi yako hiyo. Nilishona gauni la hariri miezi miwili, macho yakanitoka. Nimeonekana nini? Mkono! Viazi, mkono. Mwaka Mpya, bega. Mimi nimeishi katika nyumba hii kama bega! Mama yako alimwambia baba yako anikate."

"Mimi?" Kapitolina aliweka kamera chini. "Nikukate kwa nini?"

"Kwa sababu nilicheza naye dansi klabuni kabla hujatokea."

"Ulicheza naye mara moja, na alikukanyaga."

"Alinikanyaga kwa heshima!"

"Shangazi Faina," Genadi alisema, "wewe ulikuwa unasimama mwisho kabisa wa mstari, kushoto. Nilikuwepo. Tulikuvuta uje katikati, ukakataa."

"Nilisimama penye upande wangu mzuri. Kila mwanamke mwenye chunjua anajua asimame wapi."

"Na baba alikuwa anasimama mwisho wa kulia," Genadi aliendelea, polepole sasa. "Anatega kile kijisaa cha kamera kinachobonyeza chenyewe, anakimbia, anakuta mstari umejaa, anajibanza mwisho. Kila mara. Nikamwambia, baba, mbona wewe hutokei? Akasema, sura yangu mnaiona kila siku bure, ya nini kuichomea filamu?"

Kapitolina aliinuka, akamkatia jirani kitunguu nusu.

"Nusu?" alisema Faina kutoka ukumbini. Kichwa kikarudi. "Hata kitunguu mnakikata!"

*

Duka la picha la Neli Osipovna lilikuwa sokoni, kati ya muuza mbegu na muuza soksi. Aliigeuza ile kamera, akaipapasa kama mtu aliyekutana na mwalimu wake wa zamani.

"Filamu yenye mgongo wa karatasi! Sijaiona tangu nchi ilipokuwa nchi nyingine. Mashine yangu hii hailambi kitu kama hiki, mama yangu. Lakini nina bafu, nitaisafisha kwa mkono. Njoo kesho kutwa."

Kapitolina alifunga siku zile mbili bila hata mafuta ya alizeti kwenye kabichi, ingawa sheria ya mfungo iliyaruhusu. Alipokwenda alibeba mfuko wa biskuti za asali zisizo na yai, za kumshukuru. Neli alimpeleka nyuma ya pazia, akamketisha.

"Sijapata kuona filamu ya namna hii," alisema. "Sijui nikupe pole au hongera. Tazama mwenyewe."

Picha ya kwanza ilikuwa paka. Saveli alianza kila filamu kwa paka, kuijaribu. Baada ya paka ulianza Mwaka Mpya, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu mwisho wa Mwaka Mpya ulikuwa umepanda juu ya mwanzo wa viazi. Saveli alisimama pembeni na glasi mkononi, mzima, kuanzia kofia hadi viatu. Na hapo hapo, katika nafasi ile ile, alisimama Faina wa shambani na ndoo yake, na ndoo imemkaa Saveli kichwani mpaka mdomoni. Kisha mwisho wa viazi ukapanda juu ya siku ya jina la Kapitolina, sikukuu ya mtakatifu wake: Saveli ana jembe, na Faina anampitisha pai ya kabichi katikati ya uso.

"Neli Osipovna, huu ni uchawi gani?"

"Si uchawi, ni hesabu. Kamera ina vidirisha viwili. Kimoja cha picha ndefu, kimoja cha mraba. Mzee alisoma cha mraba kama alivyozoea maisha yake yote. Lakini safari hii kibati cha mraba hakikuwamo. Picha zikatoka ndefu, hatua za filamu zikabaki fupi. Zikapandana."

"Macho yake yalishaingia ukungu," alisema Kapitolina. "Alikuwa anaweka filamu kwa kupapasa."

"Basi ndiyo hiyo. Na miaka ya nyuma kibati kilikuwamo, kikawa kinakata pande zote mbili. Kuna kijiti hapa juu cha kupunguza tundu la kuchungulia, ili uone kile tu kitakachotoka. Kimekwama zamani. Mzee akichungulia aliwaona wote, lakini waliosimama kwenye ncha mbili za mstari walibaki nje."

Kushoto bega, kulia sikio. Miaka thelathini ya kununiana jikoni, na aliyekata alikuwa bati.

"Endelea," alisema Neli kwa upole. "Ziko mbili zaidi."

Katika hii moja Saveli alikuwa anacheka. Uso wake wote ulionekana, macho wazi, meno yake yote na lile la chuma, mwisho wa mstari wa siku ya jina. Kapitolina alimwona. Alimwona kwa ghafla kama unavyomwona mtu aliyefungua mlango, akashika ukingo wa kiti. Ilimchukua muda kuona kwamba shavuni kwa Saveli pameegemea shavu la Faina Lukinichna, kutoka kwenye picha iliyofuata, ya majira ya maua. Kwamba mkono wa Faina umepita begani kwa Saveli, na kwamba maua ya zambarau yamewazunguka wote wawili, kama wachumba waliotoroka.

"Kama watakatifu wetu wa Murom," alisema Neli. "Waliwalaza katika majeneza mawili, asubuhi wakawakuta katika moja."

"Wale walikuwa mume na mke, Neli Osipovna."

"Ni kweli. Nisamehe."

Picha ya mwisho ilikuwa namba tisa, mwisho wa kulia wa siku ile ile ya maua, wiki chache kabla ya Mungu kumchukua. Baada yake hakuna kilichopigwa, kwa hiyo hakuna kilichompanda. Saveli amesimama peke yake, safi, katika fulana yake ya nyumbani. Na amefumba macho.

"Amepepesa," alisema Neli. "Katika umri ule kukimbia vile, mtu hupepesa. Sasa kile kibati, mama, mnacho? Bwana yeyote atakayeinunua kamera atakiuliza. Ni fremu ya bati, tundu lake mraba kiasi hiki." Akachora kwenye karatasi ya kufungia. Kisha akachukua biskuti moja kwenye ule mfuko, akaiweka chini ili apate mkono wa kunyoosha mstari, na biskuti ikakaa juu ya mraba ule kipimo kwa kipimo, haikupungua wala haikuzidi.

Wanawake wote wawili waliitazama.

"Kapitolina Yegorovna," alisema Neli, "biskuti hizi unazikatia nini?"

Kumbukumbu ikamjia Kapitolina. Aliona meza, kitambaa cha plastiki, kamera iko wazi ikisafishwa, Saveli ameitwa nje kumsaidia Prohor kuvuka barabara. Na yeye mwenyewe anakusanya vyombo, anakiona kitu safi cha pembe nne, anasema, hiki kilitoka kwenye kopo la vikatio vya biskuti.

Alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Kisha akajifunika uso kwa kitambaa kile kile, na Neli akatoka mbele kumhudumia mteja ambaye hakuwepo.

*

"Ama amelala, ama yuko na jirani," alisema Zahar. Alikuwa ameziweka picha mbili pamoja chini ya taa. "Chagua, mama. Leo ni Ijumaa."

"Huwezi kumwondoa huyu mwanamke?"

"Naweza. Lakini shavu lake likiondoka linaondoka na shavu la mzee. Itabidi nimtilie lingine. Mashavu ninayo." Alimwonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani, imejaa mashavu, videvu na nywele. "Unadhani tai ya Prohor ilitoka wapi?"

"Na huyu mwenye macho yaliyofumba?"

"Huyu ni rahisi zaidi, namfungua. Ninayo macho ya kahawia na ya buluu. Yake yalikuwa ya namna gani?"

Kapitolina alifikiri. Yalikuja yenyewe, bila kuitwa. "Kama maji ya kabichi iliyochacha."

"Hayo sina."

"Basi mwache."

"Mama, nakuambia kama mwanao. Mtu hawekwi kaburini amefumba macho. Jiwe ni la kumtazama anayekuja. Watu watasema ulimpiga picha jenezani ili kuokoa filamu. Watasema ndivyo alivyokuwa mwenyewe, bahili mpaka kope."

Mama wa koti la manyoya alikuwa pale tena. Kigae cha mumewe kilikuwa tayari, lakini samaki alikuwa amekatwa kichwa, naye alikuwa akidai kichwa kirudishwe. Aliacha kudai ili asikilize.

"Zahar, umeoa?" aliuliza Kapitolina.

"Nimeoa."

"Nani huamka kwanza nyumbani kwako?"

"Mke wangu. Ndiye anayewasha jiko."

"Basi kamuulize yeye sura yako ni ipi." Alikigusa kile kipicha kwa kidole. "Miaka arobaini mimi ndiye niliyewasha jiko. Nikishawasha narudi kumwamsha, na kabla sijamwamsha namtazama kidogo. Macho aliwafungulia watu wote, Zahar. Hivi nilimwona mimi peke yangu. Mchome hivyo hivyo."

Zahar alijikuna shingo.

"Koti nimvalishe?"

"Mwache na fulana yake."

Fedha zilikuja jioni yake. Yule bwana wa mji mkuu alilichunguza bati, akalinusa, akauliza mbona linanukia asali. Genadi akasema lilitunzwa vizuri, akapokea mia nne.

*

Siku ya Jumanne ya Marehemu Kapitolina aliamka mapema, akafunga mayai mekundu na ngano iliyochemshwa na asali katika kitambaa cheupe. Jiwe lilikuwa limesimama tangu jana. Alikuwa amekaa nalo peke yake mpaka miguu ikafa ganzi, na usiku, alipofumba macho, uso ulikuja wenyewe, umelala, haukuhitaji kuitwa.

Faina aliingia jikoni na viatu vyenye tope la makaburini. Alikuwa ametangulia, ili awe wa kwanza kusema.

"Amelala!" alisema. "Wenzake wote wanatutazama, yeye amelala! Padri mwenyewe amesimama pale, akapunguza sauti ya kuimba. Nimemwona kwa macho yangu." Alichukua biskuti kwenye sahani, akaigeuza. "Mbona ni duara?"

"Mraba umeuzwa."

"Haya. Na mimi je? Neli Osipovna ni mwanamke mzuri lakini hawezi kunyamaza mbele ya muuza soksi, na muuza soksi hawezi kunyamaza mbele ya mtu yeyote. Soko zima linajua nimo kwenye picha na mumeo. Mzima! Uso wote! Nawe umenificha karibu wiki tatu, na ukaenda kwa Zahar kuuliza kama ninafutika."

"Nilikwenda."

"Unakiri!"

"Nakiri. Sikuwa nimezoea kukuona mzima."

Faina aliketi ghafla kwenye kigoda, na biskuti yake mkononi haikuliwa. "Yegorovna, mimi sina mtoto wa basi wala wa baiskeli. Nikifa mimi, Zahar atanichoma nini? Kiwiko? Watu watapita na mayai yao waseme, hapa amelala kiwiko cha nani?" Aliirudisha biskuti sahanini. "Miaka yote ile nilikaza tumbo. Kila alipohesabu moja hadi tatu nilikaza tumbo."

Kapitolina alikwenda chumbani, akarudi na bahasha ya Neli. Aliitoa ile picha ya siku ya jina na siku ya maua, akaiweka juu ya kitambaa cha plastiki. Kando yake akaweka makasi yake ya kushonea, yale mazuri ambayo Faina hajawahi kuazimwa.

"Umetoka vizuri," alisema. "Chunjua halionekani hata ukilitafuta. Ukitaka uwe peke yako, kata. Ukitaka kuiacha, iache. Ni yako. Mimi wangu ninaye."

Akamgeuzia mgongo, akarudi kwenye mayai yake, ili asimtazame mtu machoni wakati kama huo. Alifunga fundo la kitambaa, akalifungua, akalifunga tena. Saa ya ukutani ilikuwa ikigonga. Makasi hayakulia.

Kigoda kilisogea. Alipogeuka, Faina Lukinichna alikuwa tayari ukumbini, mkono mmoja ameubana kifuani ndani ya sweta, kama mtu aliyebeba yai asije akalivunja. Kapitolina alisimama na mzigo wake, akiutazama mlango, akingoja kichwa kirudi.

Makasi yalikuwa pale pale mezani; picha haikuwapo. Kichwa hakikurudi.